Mboga za Nyuma ya Mashine

Ijumaa, tarehe 7 mwezi wa tatu

Mke wangu amekufa. Jana jioni alikula mboga, leo kabla ya jua kutoka akafa.

Mboga zilikuwa za kuchuma. Alizipika jirani yetu, tunamwita Upawa, jikoni kwake. Yeye na mke wangu walikuwa wanapika pamoja ili kuokoa kuni. Mimi nilichelewa kazini, mtaro ulifurika. Nilipofika sahani yangu imefunikwa mezani, mke wangu anaongea na ukuta.

Alikuwa wa moto, mkavu, hata jasho hakuna. Ulimi unakwama mdomoni. Vidole vinaokota vitu hewani, anachambua kitu ambacho mimi sikioni. Macho nayo. Mboni ilikuwa imekula jicho lote, jeusi tii, halina mwisho. Aliniita kwa jina la kaka yake. Tulimpeleka zahanati na toroli la shamba. Nesi alijitahidi. Ndiyo hivyo.

Mtoto hakula. Mboga hataki, alikunywa uji akalala. Ana miaka saba.

Sahani yangu nimeimwaga chooni.

Jumapili, tarehe 9

Tumezika. Mvua. Maji yaliingia shimoni, tukayachota kwa ndoo kwanza. Mama mkwe alifika tunafukia. Hakulia. Alisimama pale na mzigo wake kichwani, akauliza, "Nani alipika?"

Jumatatu, tarehe 10

Mvua.

Jumatano, tarehe 12

Kambi nzima ya shamba inauliza swali moja. Walikula wawili, amekufa mmoja. Kwa nini Upawa yuko hai?

Yeye anasema alikula kidogo kwa sababu jino lilikuwa linamuuma, akatapika, akakaa ndani siku mbili haoni vizuri. Wanasema alijitapisha makusudi. Wanasema ana dawa. Wanasema na mengine, na haya ndiyo yananiuma: kwamba aliitaka nafasi ya mke wangu. Hana mume, hana mtoto, anapikia makapera wa kambi kwa malipo. Mwanamke wa hivyo akikohoa tu, watu wanatafuta sababu.

Mimi mwenyewe sijui. Lakini nikikumbuka ile sahani iliyofunikwa, damu inachemka. Na mimi nilikuwa nife.

Alhamisi, tarehe 13

Nimerudi kazini. Mtaro mkuu, upande wa chini.

Kazi yetu ni kufyeka kingo za mitaro ya maji ya shamba. Zamani tulikuwa na mapanga na majembe. Tangu mwaka jana ni mashine, unaivaa begani, waya unazunguka, unakatakata kila kitu na kurusha pembeni. Nyuma yetu wanakuja wanawake na watoto na mifuko yao. Wanaokota mboga kwenye majani tuliyokata, mchicha pori, mnavu, chochote laini. Mvua za kwanza zikipiga, vyakula vya ndani vimeisha na vya shamba bado, kambi yote inakula nyuma ya mashine. Redio, mwenzangu wa mashine ya pili, husema sisi ndio wakulima pekee tunaovuna bila kupanda.

Leo hakusema. Alinipa sigara tu. Redio kunyamaza, hiyo ni rambirambi kubwa.

Jumamosi, tarehe 15

Nimefanya jambo. Nalisema.

Jioni nilipita jikoni kwa Upawa. Sufuria iko motoni, kapera mmoja amekaa anangoja, peke yake. Nikaipiga teke ile sufuria. Maharage yakaenda mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Pika tena, tuone nani anakula."

Hakupiga kelele. Alisema, "Shemeji, umeungua mguu." Kweli, nilikuwa nimeungua.

Kapera alikula mkate akaondoka.

Jumanne, tarehe 18

Mguu umevimba. Kazini hivyo hivyo.

Jumatano, tarehe 19

Mama mkwe hataki kuondoka. Anafua, anapika, anamsuka mtoto. Anamsuka kwa nguvu mpaka macho yanavutwa. Kwangu haongei ila lazima.

Leo ameongea. "Mkwe, mimi nimezika watoto wawili kabla ya huyu. Wale nilijua walikufa na nini. Huyu sijui. Siwezi kulala na kitu nisichokijua."

Nikamwambia hata mimi.

"Basi mwanamke yule aondoke. Nyumba za kambi ni za nyapara. Nimeshamwona."

"Kasema nini?"

"Kasema anangoja neno lako. Wewe ndiye mfiwa."

Jumatatu, tarehe 24

Hakuna mtu anayekula kwa Upawa sasa. Kisimani wanawake wanamwachia nafasi kubwa, kama ana upele. Anachota, anaondoka. Wakimuuliza anajibu jibu moja, "Mimi sijui." Mtu ambaye hana kosa si angepiga kelele? Mimi ningepiga.

Mtoto anaenda kwake kwa siri. Nimemwona akitoka na nywele zina mafuta. Nikamkataza.

"Kwa nini baba?"

"Kwa sababu nimesema."

Alhamisi, tarehe 27

Mvua. Mashine ya Redio imekufa. Kipande cha mtaro alichokuwa afyeke kimebaki hivyo, kimeota tangu mwaka jana.

Jumatatu, tarehe 31

Nyapara amenisimamisha njiani, yuko juu ya pikipiki, mguu mmoja chini. "Mzee, sema neno, nifunge hii hadithi. Mwisho wa mwezi ujao ana nyumba au hana?"

Nikamwambia anipe siku chache.

"Siku za nini? Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua, mimi unaniuliza nini?"

Alicheka akaenda. Sijui kwa nini sikusema. Mdomo ulikuwa tayari.

Jumatano, tarehe 2 mwezi wa nne

Leo lazima niandike yote, mkono ukitaka usitake.

Mashine ya Redio haijapona, kwa hiyo tulipewa majembe tung'oe kile kipande kilichoota. Majani yamefika kiunoni. Kuna kimea kimoja kimejaa sana pale, shina nene lenye rangi ya zambarau, maua meupe marefu kama tarumbeta, na matunda ya kijani yenye miiba kote. Kinanuka ukikikata, harufu nzito, ya kuchukiza. Tulikuwa tunaking'oa bila glovu. Redio alikuwa na hadithi ndefu kuhusu shangazi yake na mbuzi, jasho likamwingia jichoni, akalipangusa na kiganja.

Baadaye tumekaa tunakunywa chai akasema, "Ndugu, jicho hili linaona ukungu." Nikamtazama.

Jicho la kushoto lilikuwa la Redio. La kulia lilikuwa la mke wangu.

Mboni imekula jicho lote. Jeusi tii. Mwanga unapiga, halifumbi, halipungui. Nilimshika kichwa nikakigeuza huku na huku mpaka akaniuliza kama nataka kumbusu. Nilikaa chini.

Nilirudi pale tulipong'oa. Nikapiga magoti, nikatafuta vidogo vyake, vile vilivyoota juzi baada ya mvua. Vimejaa. Majani laini, kijani safi, pembeni yana meno meno kidogo. Vimesimama katikati ya mchicha na mnavu kama ndugu wa nyumba moja. Ukiangalia kwenye shina unaona si mchicha. Ukisugua jani unasikia ile harufu. Lakini nilichukua panga nikavikatakata vyote pamoja kama mashine inavyofanya, nikavichanganya, nikavingoja vinyauke. Basi. Sikuweza tena kuvitenganisha. Mimi nimekaa mashambani maisha yangu yote, nikashika kipande hiki na kipande hiki, sikujua kipi ni chakula.

Nilikwenda zahanati na mmea kwenye gunia, na Redio na jicho lake. Nesi alipouona alivaa glovu kwanza.

"Huu unakula watu kila mwaka," alisema. "Baba, siku ile niliuliza mgonjwa amekula nini, mkaniambia amekula cha jirani. Nikafikiri mnataka kesi. Mngeniambia mboga za kuchuma, ningewaambia mkachunguze mnapochuma."

"Mbona jani lake limetobolewa na wadudu?" Redio kauliza. Kwetu watu wote wanasema hivyo, jani lenye matundu linalika.

"Mdudu ana tumbo lake na wewe una lako. Mdudu anashiba hapo, wewe unazikwa."

Redio aliwekewa maji jichoni, akaambiwa litarudi lenyewe. Njiani nilikuwa nafikiri jambo moja. Upawa hakumuua. Sufuria niliyoipiga teke ilikuwa ya mtu asiye na kosa.

Alhamisi, tarehe 3

Furaha ya jana imeisha. Ilikuwa furaha mbaya lakini ilikuwa furaha.

Nilikuwa namvua mtoto viatu, vina matope. Nikamuuliza, kama mchezo, "Siku ile mboga mama alichuma wapi?"

"Mama hakuchuma. Mguu ulikuwa unamuuma."

"Nani alichuma?"

"Mimi." Akanionyesha kwa mikono. "Nilikuletea chakula kazini, si unakumbuka? Nikarudi na mfuko. Nikajaza njia nzima nyuma ya mashine. Yenye matundu tu, kama mama alivyonifundisha. Mama akasema leo umeniokoa mwanangu."

Nilimaliza kuvua kiatu. Nikakishika. Akasema, "Baba, nipe."

Ijumaa, tarehe 4

Sikwenda kazini. Nilisema mguu.

Jumamosi, tarehe 5

Nilikwenda kwa Upawa mchana kweupe, kila mtu aone, basi waone. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, kidogo, wa mtu mmoja. Ile sufuria niliyoipiga teke ina kovu, imebonyea.

Sikujua nianze wapi. Nikaanza na gunia. Nikamwonyesha mmea, nikamwambia ya Redio na ya nesi. Hakushangaa.

"Ulijua?"

"Huo mmea siujui. Nilijua tu ni mboga zilizotudhuru. Sufuria ni yangu, chumvi ni yangu, mafuta ni yangu, tumekula kila siku. Kitu kigeni siku ile kilikuwa ule mfuko wa mboga." Akaendelea kuchambua. "Na mfuko nilijua umeletwa na nani."

"Umekaa mwezi mzima wanakutemea mate."

"Ungetaka niseme nini shemeji? Nisimame kisimani niseme si mimi, ni mtoto? Akue na hilo? Mimi nimezoea kusemwa. Nilianza kusemwa siku nilipokuja hapa bila mume."

Mchele ukaanguka kidogo. Akauokota punje kwa punje.

Nikamwambia nyapara anangoja neno langu, na mama mkwe, na kwamba nikikaa kimya atafukuzwa.

"Nitakwenda kwingine. Watu wanakula kila mahali."

"Na nikisema ni mmea?"

"Watauliza mmea uliletwa na nani. Bibi yake atauliza. Yule hakuachi mpaka kwenye mzizi." Ndipo akanitazama. "Kaa kimya shemeji. Mmoja aondoke, mmoja alale."

Nilimwomba radhi kwa sufuria. Akasema bado inapika.

Jumapili, tarehe 6

Mvua.

Jumatatu, tarehe 7

Nyapara amepiga marufuku kuchuma nyuma ya mashine, Redio kamwambia habari za jicho. Wanachuma. Njaa haisomi tangazo. Redio anawaambia wasugue, wanuse, waangalie shina. Wanamjibu, "Wewe na jicho lako."

Jicho limerudi.

Jumatano, tarehe 9

Usiku huwa nageuza mambo upande huu na upande huu. Nikimwacha Upawa aondoke, mwanangu atacheza, atasahau, na mimi nitajua kwamba mwanamke amebeba mzigo wetu akaenda nao. Nikisema kweli, mwanangu ataitwa kitu. Watoto wa kambi hawana huruma. Atakuwa bibi kizee bado anaitwa hivyo. Na bibi yake mwenyewe atamwangalia vipi akimsuka?

Sikusoma sana. Lakini hata aliyesoma, hapa angepita wapi?

Alhamisi, tarehe 10

Nyapara kaita kikao Jumapili, ghalani. Mama mkwe kamsukuma.

Jumapili, tarehe 13

Ghala lilijaa. Mvua juu ya bati, kila mtu anapaza sauti. Nyapara amekaa juu ya magunia ya mbolea, mama mkwe amepewa kiti. Upawa alisimama karibu na mlango, mzigo wake umeshafungwa, umewekwa nje chini ya paa. Mtoto nilimwacha kwa mke wa Redio. Hilo nililipanga.

Nyapara akasema mfiwa aseme.

Nikatoa mmea. Nikasema huu ndio uliomuua mke wangu, waulizeni nesi na Redio. Redio akasimama, akavuta kope chini watu waone, jicho lenyewe zima. Wengine wakacheka. Nikaeleza mashine inavyochanganya. Nikasema Upawa alipika alicholetewa, na yeye alikula.

Mmoja nyuma akasema, "Anamtetea mchumba." Kicheko. Mwingine, "Mpeni mahari hapa hapa." Upawa alikuwa anaangalia sakafu.

Mama mkwe hakucheka. Alingoja wamalize. Kisha, taratibu, kama Upawa alivyosema, akashuka mpaka kwenye mzizi.

"Mkwe. Nimesikia mmea. Nani aliuchuma?"

Nikasema, "Mimi."

Mvua ilikuwa inapiga, nikapaza sauti.

"Mtoto aliniletea chakula kazini. Nikachuma mboga nyuma ya mashine, nikamtilia mfukoni apeleke kwa mama yake. Ni mimi."

Nilimwona Upawa anainua kichwa, mdomo unafunguka. Nikamtazama mpaka akaufunga.

Mama mkwe alisimama. Ni mfupi, alinifika kifuani. "Umemuua mwanangu kwa mkono wako."

"Ndiyo mama."

"Halafu ukakaa mwezi mzima ukala chakula changu, ukamwachia mwanamke mwingine huo mzigo. Ukampigia sufuria teke."

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga. Aligeuka, akaenda mpaka mlangoni kwa Upawa, akamshika mkono, akamwambia, "Nisamehe, dada." Upawa akaanza kulia. Mwezi mzima hajalia, alilia pale, na watu wakafikiri ni kwa sababu ameombwa radhi.

Nyapara kasema nyumba yake abaki nayo.

Nyumbani mama mkwe aliniambia hana maneno mengi. Mtoto anaondoka naye. Nikasema mama, nimebaki naye huyu tu. Akasema, "Na mimi nilikuwa na yule tu." Ningesema nini? Ni nani angemwachia mtoto mtu kama mimi, kwa niliyoyasema?

Jumatatu, tarehe 14

Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Nguo za mtoto zinaingia kwenye begi moja na nafasi inabaki. Upawa kaleta mafuta ya nywele na mikate. Mama mkwe kapokea kwa mikono miwili. Walikaa pamoja kizingitini wakaongea habari za mke wangu alipokuwa mdogo, wakacheka mahali fulani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na kuni.

Baadaye Upawa kapita. "Umeibomoa nyumba yako shemeji."

"Ilikuwa imeshabomoka."

"Nilikuambia ukae kimya."

"Na wewe ulikaa kimya. Ukaona raha?"

Alichukua kuni mbili akaenda nazo, kama zamani.

Jumanne, tarehe 15

Tulifika stendi mapema. Mama mkwe alikwenda kuuliza basi. Mtoto amekaa juu ya begi, miguu haifiki chini.

"Baba. Watoto wanasema mboga za mama ulichuma wewe."

"Ndiyo."

"Lakini mimi ndiye niliyejaza mfuko."

"Ulijaza. Na mimi nikaongeza za kwangu juu. Ulikuwa unatazama mashine ya Redio."

Alifikiri. Anafikiri kama mama yake, anang'ata shavu kwa ndani. "Sikumbuki."

"Ulikuwa unatazama mashine."

"Ile mashine nyekundu?"

"Hiyo."

"Basi zangu zilikuwa nzuri?"

"Zako zilikuwa nzuri."

Akaniangalia muda mrefu. Sijui aliona nini. Kisha akasogea kidogo juu ya begi, akawa mbali nami kidogo, upana wa kiganja hivi. Hapo nikajua ameamini. Nilitaka aamini, na alipoamini ilikuwa kama mtu amenitia mkono kifuani akavuta.

Bibi yake alirudi. Alimpandisha yeye kwanza, akapokea begi kwangu bila kugusa vidole vyangu. Mtoto alikaa dirishani upande wa pili, sikumwona basi likiondoka.

Nilirudi kwa miguu. Kingo za mtaro zimeota tena, mvua hii haichoki. Wanawake wako pale na mifuko, wanachuma mbele kabisa ya mahali mashine itaanzia. Mmoja aliponiona aliificha mboga mgongoni, kama vile mimi ndiye sumu. Nilimwambia asugue jani, anuse. Hakusogea mpaka nilipopita.

Nyapara ameniachia ujumbe kwa Redio. Mashine hanipi tena, anasema watu hawataki nifyeke wanapookota. Nichukue jembe, nitangulie peke yangu mbele ya mashine, niung'oe ule mmea na mizizi yake kabla waya haujafika. Mtaro wote, juu mpaka chini. Redio kasema kazi hiyo haiishi, ukimaliza chini, juu umeota.

Nimelinoa jembe. Kesho narudi kazini.